Ramani ya mataifa katika utafiti wa mikrobiota ya binadamu: uchague chanzo kipi, uhesabu vipi?

Machi 2010 jarida la Nature lilichapisha makala iliyoorodhesha jeni milioni 3.3 za vijidudu vinavyoishi kwenye utumbo wa binadamu. Kinyesi kilichochunguzwa kilitoka kwa watu 124 wa Denmark na Hispania. DNA ilisomwa Shenzhen, China. Mradi wenyewe uliitwa MetaHIT, ukaratibiwa na INRA, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa kilimo, na fedha zake zilitoka Tume ya Ulaya. Mwandishi wa kwanza, Junjie Qin, alikuwa mtu wa BGI, taasisi ya kusoma jeni ya huko huko Shenzhen. Jarida nalo makao yake ni London.

Haya, kwenye ramani ya mataifa yanayotafiti mikrobiota, yaani jumla ya vijidudu vinavyoishi mwilini, makala hii utaihesabia nchi gani?

Anayetengeneza ramani ya namna hii, awe mwanafunzi wa uzamili, mwandishi wa habari za sayansi au ofisa wa mfuko wa utafiti anayetaka kujua nchi yake imesimama wapi, atakutana na swali hilo mara elfu kadhaa. Mara nyingi hatajua kwamba ameulizwa, kwa sababu programu itakuwa imeshamjibia kimyakimya. Ndiyo maana ramani mbili za mada ileile na miaka ileile zinaweza kutoa orodha mbili za vinara. Hapa nalinganisha njia zinazotumika zaidi, na nitakuwa narudi kwenye makala ya MetaHIT kila mara, maana ni kipimo kizuri cha kuonyesha kila njia inaficha nini.

Maneno kwanza

Watu hukimbilia kuuliza hifadhidata ipi ni bora. Tatizo la kwanza liko kabla ya hapo, kwenye maneno unayoyatafuta. Neno "microbiome" lilipata umaarufu baada ya mwanabiolojia wa Marekani Joshua Lederberg kulitumia mwaka 2001, kisha likashika moto pale taasisi za afya za Marekani, NIH, zilipoanzisha Human Microbiome Project, mradi wao wa mikrobiota ya binadamu, mwishoni mwa 2007. Ukilitafuta neno hilo peke yake utapata mstari uliolala sakafuni miaka mingi, halafu unapaa ghafla, na Marekani iko mbele tangu siku ya kwanza. Inapendeza kwenye slaidi. Lakini vijidudu vya utumbo havikuanza kutafitiwa 2007. Wajapani, Warusi na Wafaransa walikuwa wakiviandika miongo kadhaa kabla, kwa jina la "flora" au "microflora", na Warusi wana hadi neno lao la kitabibu, "disbakterioz", kwa hali ya vijidudu hivyo kuvurugika.

Kwa hiyo una njia mbili. Utafutaji mwembamba, yaani "microbiome" tu, unakupa makala safi ila unaziadhibu nchi zilizokuwa na msamiati mwingine. Utafutaji mpana, unaojumuisha "microbiome", "microbiota", "microflora", "intestinal flora" na "gut flora", unazirudisha nchi hizo, lakini unabeba pia udongo, mimea, ng'ombe na maji machafu, ambavyo itabidi uvichuje. Kama ramani yako inaanzia miaka ya 1980 au 1990, chukua upana bila kusita. Kama unaanzia 2012 hivi, unaweza kupunguza maneno ya zamani, lakini "microbiota" usiiache hata siku moja, maana kuna watafiti wengi wanaotumia hilo tu na hawaligusi lile jingine.

Halafu kuna panya. Utafiti ambao kinyesi cha binadamu kimepandikizwa kwenye panya, je, ni wa mikrobiota ya binadamu? Mimi huujumuisha, wengine hawaujumuishi. Cha muhimu uamue mara moja, kabla hujaona matokeo, na uandike ulichoamua.

PubMed, Web of Science, Scopus na OpenAlex

PubMed ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ni bure, na kwa kuchagua makala za afya sijaona ya kuishinda. Kila makala ya MEDLINE, sehemu kuu ya PubMed, hupewa vichwa vya mada kutoka msamiati uliopangwa, MeSH, kwa hiyo unaweza kuomba makala za mikrobiota zilizohusu binadamu bila kubahatisha maneno ya waandishi. Wengi huishia hapo, wakadhani chombo kizuri cha kuchagua makala ni kizuri pia cha kuhesabu nchi. Sivyo.

Kwanza, PubMed ina sehemu inayotaja nchi ambayo jarida linachapishwa. Ni rahisi kuitumia, na ndiyo mtego. Sehemu hiyo haisemi lolote kuhusu mtafiti. Makala ya MetaHIT itakwenda Uingereza kwa sababu tu Nature iko London. Balaa lenyewe liko Uswisi: wachapishaji wawili wakubwa wa majarida ya wazi, MDPI na Frontiers, wana makao huko, na majarida yao yametoa makala nyingi sana za mikrobiota. Ukipaka rangi kwa nchi ya jarida, Uswisi itaonekana jitu la sayansi hii. Ina watafiti wazuri, sikatai, lakini ukubwa huo ni wa mitambo ya uchapishaji.

Pili, na hili ndilo linalowanasa hata wazoefu, hadi mwisho wa 2013 PubMed iliweka anwani ya mwandishi wa kwanza tu. Kuanzia 2014 inaweka anwani za waandishi wote. Maana yake, MetaHIT ya 2010 humo ni makala ya China, basi. Denmark haipo, Ufaransa haipo. Na ukichora grafu ya ushirikiano wa kimataifa kutoka PubMed, utaona mruko mkubwa karibu na 2014 na utashawishika kuandika aya nzima kuhusu mwamko wa ushirikiano baina ya mataifa. Kilichobadilika ni kanuni ya kuingiza data. Kana kwamba hiyo haitoshi, kichwa cha mada "Microbiota" kiliingizwa kwenye MeSH mwaka huohuo wa 2014. Mipasuko miwili, mwaka mmoja. Mwenendo wowote wa PubMed unaovuka 2014 naomba uutazame kwa jicho la shaka.

Web of Science haina ugonjwa huo. Ni mtoto wa Science Citation Index, faharasa ya makala na zinazozinukuu, aliyoizindua Eugene Garfield mwaka 1964, leo iko mikononi mwa kampuni ya Clarivate, na imezoea kuweka anwani za waandishi wote. Rekodi za nani kamnukuu nani ni safi kuliko kwingine. Inalipiwa, na si kidogo. Ina vituko viwili vya kujihadhari navyo. Uingereza humo imekatwa vipande vinne: England, Scotland, Wales na Northern Ireland, kila kimoja na mstari wake. Ukichukua England ukaiita Uingereza, umepunguza. Ukijumlisha mistari yote minne, umezidisha, kwa sababu makala iliyoandikwa na mtu wa London pamoja na mtu wa Edinburgh imeshahesabiwa mara mbili. Unganisha vipande ndani ya kila makala kwanza, ndipo uhesabu. Kituko cha pili ni kwamba ile inayoitwa Core Collection, yaani mkusanyiko wake mkuu, si kitu kimoja kila mahali. Maktaba moja imelipia faharasa ya majarida machipukizi iliyoongezwa 2015, nyingine haikulipia. Moja ina miaka ya nyuma, nyingine haina. Watafiti wawili wanaoandika kwamba wametumia Web of Science Core Collection wanaweza kuwa wametumia vitu viwili.

Scopus, ya Elsevier, ipo tangu 2004. Ina majarida mengi kuliko Web of Science, Uingereza ni moja, na kwa kazi hii tofauti baina yao haitoshi kukufanya ununue ya pili kama moja unayo. Zote mbili zinapendelea majarida ya Kiingereza, na upendeleo huo unaonekana kwenye ramani.

OpenAlex ndiyo niliyoitilia shaka mwanzoni, sasa naitumia zaidi. Ilizinduliwa Januari 2022 na shirika lisilo la faida la OurResearch, baada ya Microsoft kufunga hifadhidata yake ya kitaaluma mwishoni mwa 2021. Haina malipo, haina nywila ya chuo, na data yake haina masharti ya hakimiliki. Si jambo la pembeni tena: Chuo Kikuu cha Sorbonne kiliamua kuachana na Web of Science na kuelekea huko, na Chuo Kikuu cha Leiden kilitoa toleo la wazi la orodha yake ya vyuo mwaka 2024 kwa kutumia OpenAlex. Inabeba majarida ambayo wale wakubwa wawili wameyaacha nje, yakiwemo ya lugha nyingine.

Udhaifu wake ni anwani. Makala nyingi humo hazina nchi kabisa, kwa sababu mchapishaji hakuipeleka anwani ya mwandishi kwenye mfumo. Na makala zinazokosa nchi hazikutawanyika kibahati. Zinazokosa ni zaidi za majarida madogo, yenye mhariri mmoja anayefanya kila kitu na asiye na fundi wa data. Kamba hukatikia pembamba: chanzo kilichofungua mlango kwa nchi zilizoachwa nje ndicho kinachopoteza jina la nchi hizohizo pale mlangoni. Kwa hiyo ukiitumia, kokotoa asilimia ya makala zisizo na nchi kwa kila mwaka, na uiweke karibu na ramani, mahali ambapo msomaji ataiona. Angalia pia rasimu zilizowekwa mtandaoni kabla ya kuhakikiwa, maana rasimu na makala yake huweza kuingia kama kazi mbili.

Ungeniuliza nifanyeje, ningekwambia usichague moja. Chagua makala kwa PubMed, ambako MeSH itakusaidia, kisha chukua namba za utambulisho za makala hizo uziulizie OpenAlex ili ipate anwani za waandishi wote. Njia hii ni bure na inazunguka mtego wa 2014 kwa kiasi kikubwa, ingawa haitakupa makala za majarida ambayo PubMed haiyagusi. Kama swali lako ni la nani ananukuliwa zaidi, na chuo chako kimelipia, Web of Science bado ina heshima yake.

Hesabu nzima au hesabu ya mgao

Chukua makala yenye waandishi kumi: sita Marekani, wawili Uingereza, wawili Kenya. Kwa hesabu nzima kila nchi inapata makala 1, na dunia inaonekana imetoa makala tatu. Kwa hesabu ya mgao, Marekani inapata 0.6, Uingereza 0.2 na Kenya 0.2, jumla moja. Kwa kanuni ya mwandishi wa kwanza, nchi moja inachukua yote na nyingine zinatoka mikono mitupu.

Hesabu nzima ndiyo inayotumika zaidi kwa sababu ni rahisi na kwa sababu, tuseme ukweli, inafurahisha kila mtu. Katika fani nyingine madhara yake ni madogo. Katika mikrobiota ni makubwa, maana fani hii imejengwa na miungano mikubwa ya nchi nyingi. Nchi ndogo iliyoingiza mtu mmoja katika kila muungano itapata makala chache, lakini zile zinazonukuliwa maelfu ya mara, na wastani wake wa kunukuliwa utaupita ule wa mataifa yaliyobeba mzigo. Nimewahi kuona orodha ya vinara wa ubora iliyotawaliwa na nchi za namna hiyo, na mwandishi akizisifu sera zao.

Hesabu ya mgao inaponya hilo, na ndiyo ninayoipendekeza ukitaka kujua uwezo wa nchi. Kasoro yake ni kwamba inadhani waandishi wote wamefanya kazi sawasawa, kitu ambacho yeyote aliyewahi kuandika makala na wenzake anajua si kweli. Kanuni ya mwandishi wa kwanza, au ya yule anayepokea mawasiliano, inajaribu kuuliza nani aliongoza. Wakati mwingine inafaulu. Kwa MetaHIT inalipeleka tunda mashuhuri la mradi wa Ulaya moja kwa moja China, na hapo ndipo ujiulize kuongoza ni nini: kupata wazo na fedha, au kuwa na mashine na watu wa kuzisoma terabaiti zinazotoka humo?

Kama muda unaruhusu, fanya nzima na mgao, uweke tofauti yake kwenye safu ya tatu. Nchi ambayo mgao wake ni sehemu ndogo sana ya hesabu yake nzima inakuambia kwamba utafiti wake wa mikrobiota unakuja na wageni. Safu hiyo ya tatu huwa na habari kuliko mbili za kwanza.

Anwani ya mwandishi au asili ya sampuli

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo ramani mbili zinapoachana kabisa. Ramani ya waandishi inajibu nani anatafiti. Ramani ya sampuli inajibu nani anatafitiwa. Kwa fani nyingi hilo la pili ni udadisi tu. Kwa mikrobiota ndilo moyo wa mambo, kwani vijidudu vya utumbo hutofautiana kwa chakula, dawa, maji na mahali, na kinachoitwa utumbo wa kawaida ni utumbo wa watu waliopimwa. Human Microbiome Project ilipotoa matokeo yake makuu mwaka 2012, ile picha ya mtu mwenye afya ilitokana na watu wazima 242, wote waliopatikana Marekani.

Mwaka 2022 Richard Abdill na wenzake walichapisha katika PLOS Biology hesabu ya sampuli 444,829 za mikrobiota ya binadamu zilizokuwa kwenye hazina za wazi, wakitafuta kila moja imetoka wapi. Kati ya zenye asili inayojulikana, zaidi ya asilimia 71 zilitoka Ulaya, Marekani na Kanada. Marekani peke yake ilikuwa na asilimia 46.8, nayo ina asilimia 4.3 tu ya watu wote duniani. Asia ya Kati na ya Kusini, yenye zaidi ya robo ya binadamu wote, ilikuwa na asilimia 1.8. Hakuna ramani ya waandishi inayoweza kukuonyesha India ikiwa ndogo kiasi hicho.

Mwelekeo wa pili nao upo: nchi zinazoonekana kwenye sampuli lakini hazionekani kwenye uandishi. Wahadza wa Tanzania, jamii ya wawindaji na wakusanyaji, ni mfano unaojulikana. Makala ya 2014 katika Nature Communications ililinganisha vijidudu vya Wahadza 27 na vya Waitalia 16, na waandishi wake wengi walikuwa Ulaya na Marekani. Baada yake zimekuja nyingine kadhaa kubwa, moja katika Science mwaka 2017 kuhusu vijidudu hivyo vinavyobadilika kwa majira, nyingine katika Cell mwaka 2023. Kwenye ramani ya sampuli, Tanzania ni nukta inayong'aa. Kwenye ramani ya waandishi kwa hesabu ya mgao, nukta hiyo inafifia. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu katika fani hii ni mashine ya kusoma DNA pamoja na kompyuta za kuichambua.

Kuna dalili kisu kinaanza kunolewa kwingine. Mwaka 2025 Nature ilichapisha kazi ya mradi wa AWI-Gen 2 iliyochunguza wanawake 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, ikiunganisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini na Stanford cha Marekani. Ilete makala hii moja kwenye njia zote nilizotaja na utaona inavyobadilika sura: kwa hesabu nzima, nchi nne za Afrika zinapata pointi moja moja, sawa na Marekani; kwa sampuli, Marekani haimo kabisa.

Data ya sampuli ina shida zake, usije ukaiamini kama msahafu. Hazina kuu ni muungano wa hazina tatu, yaani NCBI ya Marekani, EMBL-EBI ya Ulaya na DDBJ ya Japani, wanaobadilishana data. Kwa miaka mingi mtu aliweza kupakia sampuli bila kusema imetoka nchi gani, na wengi walifanya hivyo. Ni 2023 tu ndipo kutaja mahali na tarehe ya kuchukuliwa kwa sampuli mpya kulipofanywa lazima. Kwa hiyo ukirudi nyuma ya hapo jiandae kusoma makala zenyewe kutafuta asili, kazi ya kuchosha. La pili: China ina hazina yake kubwa, Genome Sequence Archive, na kanuni zake za 2019 kuhusu rasilimali za jeni za binadamu zinadhibiti data inayotoka nje. Ukichota kwenye muungano huo wa hazina tatu pekee, China itaonekana ndogo kuliko ilivyo. La tatu ni dogo lakini linaudhi: sampuli si mtu. Mradi uliochukua kinyesi cha mtu mmoja kila siku kwa mwaka una sampuli 365. Hesabu watu pale inapowezekana.

Fedha

Ruzuku zinaonyesha nia, tena miaka michache kabla ya makala kutoka, kwa hiyo anayetaka kubashiri mwenendo azianzie huko. Ila usihesabu miradi yenye jina kubwa tu. NIH ilitumia dola milioni 215 kwenye Human Microbiome Project, na katika mwaka wa fedha 2012 hadi 2016 ikatumia dola milioni 728 nyingine kwa utafiti wa mikrobiota nje ya mradi huo. Aliyehesabu mradi maarufu peke yake ameona chini ya robo.

Kwa Ulaya kuna CORDIS, hazina ya miradi ya Umoja wa Ulaya. Hapo kila mradi una mratibu, na kishawishi ni kumpa nchi ya mratibu fedha zote. MetaHIT ikiingizwa hivyo inakuwa ya Ufaransa yote. Tumia mgao wa kila mshirika pale unapoonyeshwa. Fedha za kampuni hazionekani popote kati ya hizi, na katika fani inayouza probayotiki, yaani vijidudu hai vya kuboresha afya, hilo ni tundu kubwa. Kulinganisha dola za nchi moja na yuani za nyingine bila kurekebisha uwezo wa ununuzi ni kujidanganya. Kwa jumla ningetumia fedha kama shahidi wa pembeni, si ramani yenyewe.

Ugawe kwa nini

Idadi ghafi ya makala itakupa Marekani na China juu, kila mara, na hujajifunza kitu. Kugawa kwa idadi ya watu kunazipandisha nchi tajiri ndogo, jambo ambalo nalo ulilijua. Kipimo ninachokipenda ni cha umahususi: chukua sehemu ya makala zote za nchi ambazo ni za mikrobiota, igawe kwa sehemu hiyohiyo ya dunia nzima. Nchi yenye makala 2 za mikrobiota katika kila 1,000, wakati dunia ina 1, inapata 2. Hapo ndipo huibuka nchi kama Ayalandi, ambayo ina kituo cha APC Microbiome Ireland mjini Cork tangu 2003, na ambayo hesabu ghafi huizika chini ya majirani wakubwa.

Kipimo hiki hudanganya kwa nchi zenye makala chache. Mradi mmoja wa wageni unaweza kuifanya nchi yenye makala 300 kwa mwaka ionekane bingwa. Weka kiwango cha chini cha makala kabla ya kukokotoa, na utangaze kiwango hicho.

Programu

Suala la programu ya kuchambua na kuchora lina mjadala mwingi kuliko linavyostahili. VOSviewer, ya Nees Jan van Eck na Ludo Waltman wa Leiden, ni rahisi kuliko zote na inachora mitandao ya nchi inayopendeza ndani ya dakika chache. Shida ni kwamba inapendeza hata data inapokuwa mbovu. Bibliometrix, ya Massimo Aria na Corrado Cuccurullo, inakaa ndani ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, inahitaji uvumilivu wa siku mbili tatu, na inakuachia hatua zilizoandikwa ambazo mwingine anaweza kuzirudia. Ina pia sura ya kubofyabofya kwa asiyetaka kuandika amri. CiteSpace ya Chaomei Chen ina nguvu katika kutafuta mada zinazolipuka ghafla, lakini mipangilio yake ni mingi na kila mmoja unabadilisha picha. Anayeanza achukue VOSviewer. Anayetaka kazi yake ikaguliwe achukue bibliometrix.

Nani achukue kipi

Mwanafunzi asiye na usajili wa kulipia, anayetaka sura ya mikrobiota kwa nchi, atosheke na PubMed kwa kuchagua na OpenAlex kwa anwani, hesabu nzima na ya mgao zikae bega kwa bega. Ofisa wa mfuko wa utafiti anayeuliza kama nchi yake ina uwezo wake yenyewe asiangalie hesabu nzima hata kidogo. Atumie mgao, umahususi, na idadi ya makala ambazo mwandishi wa kwanza au wa mwisho ni wa nchini. Mwandishi wa habari anayeandika juu ya nani ameachwa nje aende kwenye sampuli, aanze na kazi ya Abdill, na aache orodha za vinara. Kwa daktari anayejiuliza kama matokeo ya tafiti hizi yanawahusu wagonjwa wake, ramani ya waandishi haina faida yoyote.

Na yeyote utakayekuwa, kata mwaka wa mwisho kwenye grafu yako. Makala za mwaka huo bado zinaingizwa, anwani bado zinasafishwa, na kila nchi itaonekana imeanguka kwa pamoja. Andika tarehe uliyopakua data na maneno kamili uliyotafuta, hasa kwa OpenAlex, ambayo husahihishwa mara kwa mara. Mwenzako akirudia utafutaji huohuo miezi sita baadaye akapata namba tofauti, tarehe hiyo ndiyo itakayowaamua.